Huruma ya Faida, Je, Ni Huruma?

Leo nataka kuwauliza swali moja, na kutafuta jibu pamoja nanyi. Mtu akimwachilia adui yake kwa sababu anatazamia faida, je, ametenda huruma? Pengine mtasema: hilo ni swali la wenye elimu kubwa. Sivyo. Hata vijana wadogo wanalijibu kwa mikono yao wenyewe, nao hawajui kama wanajibu. Wanalijibu wanapocheza.

Mchezo ninaousema ni wa Japani. Jina lake ni Super Robot Wars, maana yake vita vya maroboti makubwa. Tuutazame kwanza, kisha tupime.

Mchezo wenyewe

Mchezo wa kwanza wa jina hilo ulitolewa na kampuni ya Banpresto mwaka 1991, kwa kimashine kidogo cha mkononi kiitwacho Game Boy. Tangu hapo ilifuata mingine mingi. Ule uliotoka mwaka 2021 uliitwa Super Robot Wars 30, kwa kuwa miaka 30 ilikuwa imetimia. Ndani ya michezo hiyo wamekusanya majitu ya chuma kutoka katika hadithi nyingi za katuni za Japani: Mazinger Z ya mwaka 1972, Getter Robo ya mwaka 1974, Mobile Suit Gundam ya mwaka 1979, na nyingine tele. Mazinger Z na Gundam kila mmoja ana urefu wa meta 18, yaani kama mnara wa kanisa. Na ndani ya jitu la chuma ameketi mtu, mara nyingi kijana, anayeliendesha kama vile rubani anavyoendesha ndege.

Msidhani kwamba ni mchezo wa kupigana mbio mbio. Hapana, unafanana zaidi na dama. Uwanja umegawanywa katika vyumba vidogo. Mchezaji anasogeza majitu yake moja moja, kisha ni zamu ya adui kusogeza yake. Lazima kufikiri, kupima, kungoja. Tena, kabla ya vita na baada ya vita, watu wa hadithi wanazungumza: wanaulizana sababu ya kupigana, wanawalilia wafu wao, wanagombana na kupatana.

Basi katika michezo hiyo zimo amri mbili ambazo zinatuhusu leo.

Amri mbili

Amri ya kwanza ni kumshawishi adui. Mchezaji anampeleka rubani wake fulani karibu na adui fulani: rafiki wa zamani, au ndugu, au mtu aliyedanganywa na wakubwa wake. Badala ya kupiga, anasema naye. Pengine anakataa mara ya kwanza, na lazima kurudi tena. Lakini mwishowe anahama upande, naye anakuja pamoja na jitu lake la chuma. Kumbe, mchezo wa vita unamfundisha mtoto kwamba ndani ya chuma yumo mtu, na mtu anaweza kugeuka! Hilo ni jambo jema, nami nalisifu.

Amri ya pili inaitwa kwa Kijapani tekagen, maana yake kupiga kwa kipimo, kujizuia. Wengine wameitafsiri kwa neno huruma. Rubani hodari akiitumia, pigo lake haliui hata likiwa kali namna gani. Adui anabakizwa na uhai kidogo tu, alama 10. Mtu asiyeujua mchezo akisikia hayo atafurahi. Atasema: tazameni, wameweka huruma katikati ya vita!

Lakini waulizeni wachezaji wenyewe amri hiyo ni ya kazi gani. Watawajibu bila kuficha: ni ya kuwalea warubani dhaifu. Katika mchezo, yule anayempiga adui pigo la mwisho ndiye anayepata sehemu kubwa ya ujuzi na kupanda cheo. Basi yule hodari anampiga adui mpaka karibu na kufa, anamwacha na alama zake 10, kisha anaitwa mdogo aliye nyuma aje kummaliza. Adui hakuachwa apate kuishi. Aliachwa ili auawe na mwingine. Jina ni huruma. Kazi ni kumwandalia mwenzako wa kuua.

Ushawishi nao, tukiupima, ni namna gani? Wachezaji wengi wanatafuta kwanza katika vitabu vya maelezo: ni adui yupi anayeweza kugeuka, na jitu lake lina nguvu gani? Mwenye jitu la nguvu watamtafuta kwa bidii na kusema naye kwa upole. Lakini askari wa kawaida wa adui hana jina. Picha ya uso wake ni ile ile ya mwenzake na ya mwenzake tena. Hao hawana wa kusema nao. Wanakufa kwa mamia, na mchezo unaendelea.

Jibu la mtu mwenye akili

Hapa mtu mwenye akili ataniambia: «Bwana, unakosea mara mbili. Kwanza, huu ni mchezo, na askari wa picha hawana roho. Pili, hata katika maisha, faida ni mlinzi mzuri wa amani. Mataifa mengi yaliacha kupigana kwa sababu biashara ilikuwa na faida kuliko vita. Yule aliyeachwa hai yu hai; anajali nini kwa moyo wa aliyemwacha?»

Jibu hilo lina nguvu, tusilidharau. Ni kweli, askari wa picha haumwi na kitu, na kijana anayecheza hakuua mtu. Asimwite mtu yeyote mwuaji. Ni kweli tena kwamba tendo jema linabaki jema kwa yule aliyelipokea, hata moyo wa mtendaji ukiwa na hesabu. Mwenye njaa anashiba kwa chakula cha mtu mwenye majivuno sawasawa na kwa chakula cha mtakatifu.

Lakini tuendelee kidogo. Tuseme watu wawili wa kijiji kimoja wanagombea mpaka wa shamba. Mmoja anashinda mbele ya wazee, na ana haki ya kulipwa mbuzi watano. Anasema: «Nimesamehe.» Watu wanamsifu. Lakini yeye amesamehe kwa sababu mtoto wa mwenzake ana lori, na lori hilo linampelekea mihogo yake sokoni bila malipo. Mwaka wa pili lori linaharibika kabisa. Je, mtu wetu afanya nini? Asubuhi na mapema yuko mlangoni pa mwenzake, anadai mbuzi watano.

Sasa niambieni: alisamehe lini? Hakusamehe hata siku moja. Alikopesha. Deni lilikuwa limelala tu, nalo liliamka siku ile faida ilipokufa.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Huruma ya faida na huruma ya kweli zinafanana kabisa wakati adui ana kitu cha kutupa. Zinaachana siku ile adui hana kitu. Kwa hiyo, ukitaka kuijua huruma ya mtu, usitazame anavyomtendea adui mkubwa mwenye nguvu. Tazama anavyomtendea yule asiye na jina. Je, katika vita vya kweli vya wanadamu si hivyo hivyo? Mara ngapi mkubwa wa vita ameitwa mezani, akapewa maji ya kunywa na kiti cha kukalia, na pengine cheo, kwa sababu ana bunduki nyingi. Na yule kijana aliyembebea mzigo wake amezikwa porini bila jina? Mkubwa alishawishiwa. Mdogo alihesabiwa tu.

Chuma kinaficha uso

Kwa nini ni rahisi kumsahau yule mdogo? Sababu moja ni chuma chenyewe. Mashine inaficha uso. Ukiona jitu la meta 18 huoni mtu.

Wajapani walilijifunza jambo hilo kwa uchungu. Tarehe 6 Agosti 1945 ndege moja ilitupa bomu juu ya mji wa Hiroshima kutoka kimo cha kilometa 9 hivi. Kutoka kimo hicho hakuna uso unaoonekana. Na sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumiwa na Wamarekani katika kazi ile ya mabomu ilitoka katika udongo wetu wa Kongo, kule Shinkolobwe katika Katanga. Waliyoyachimba hawakuziona nyuso za Hiroshima, wala watu wa Hiroshima hawakuziona nyuso zao. Watunzi wa Japani waliokua katika miaka ile na miaka iliyofuata ndio waliotunga hadithi za majitu ya chuma. Si ajabu basi kwamba katika Mazinger Z babu, akiwa karibu kufa, anamwachia mjukuu wake jitu lile na kumwonya kwamba kwa nguvu hiyo anaweza kuwa kama mungu, au kama shetani.

Kisa cha Doan

Sasa niwasimulie kisa kimoja cha Gundam, hadithi hiyo hiyo ambayo mchezo umeiazima. Ni sehemu ya 15, iliyoonyeshwa mwaka 1979.

Amuro ni kijana wa miaka 15, rubani wa Gundam. Anafika katika kisiwa kidogo, na huko anamkuta askari wa adui aitwaye Cucuruz Doan. Doan amelitoroka jeshi lake pamoja na jitu lake la chuma. Anaishi na watoto wachache, yatima wa vita, nao wanampenda kama baba. Silaha hana tena. Jeshi lake likituma watu kumkamata, jitu lake linapigana kwa mawe na ngumi.

Kwa nini alitoroka? Anamweleza Amuro: wazazi wa watoto wale waliuawa kwa risasi zake mwenyewe. Kisha aliamriwa kuwaua na watoto. Hakuweza. Akawachukua, akakimbia.

Angalieni jambo hilo. Watoto wale ni watu wa upande wa adui yake. Wana faida gani kwake? Hawajui kupigana. Wanakula, wanaogopa, wanalia usiku. Kwa ajili yao amepoteza cheo, amepoteza wenzake, na sasa anawindwa. Kama huruma ni biashara, Doan ni mfanya biashara mjinga kupita wote.

Na Amuro naye anafanya nini? Katika mchezo, mtu kama Doan angekuwa na thamani kubwa: rubani hodari pamoja na jitu lake, yuko tayari kuwapinga watu wake. Mchezaji yeyote angemshawishi mara moja! Lakini katika kisa, baada ya waliomfuata kushindwa, Amuro analichukua jitu la Doan kwa mikono ya Gundam na kulitupa baharini. Watoto wanakasirika, wanadhani amewadhuru. Doan anafahamu, naye anashukuru: harufu ya vita iliyokuwa mwilini mwake ndiyo iliyowavuta wawindaji. Kisha Amuro anaondoka. Hakupata askari, hakupata mashine, hakupanda cheo. Nyuma yake wamebaki mtu mmoja na watoto, wapate kuvua samaki na kulima.

Kwa kipimo cha mchezo, siku ile Amuro alipata hasara. Kwa kipimo cha dhamiri, ni siku ile alipomwona mtu na kumwacha awe mtu tu, si chombo.

Tufanye nini?

Je, nawaambia wazazi wawanyang'anye vijana mchezo huo? Sisemi hivyo. Mchezo unaomfundisha kijana kufikiri kabla ya kupiga, na kusema na adui kabla ya kumwua, una mema yake. Lakini mchezo hauwezi kufundisha huruma isiyo na faida, kwa sababu mchezo wote ni hesabu. Kila kitu ndani yake kina alama. Fundisho hilo lazima litoke mahali pengine: nyumbani, njiani, kwenye kisima, wakati mtoto anapomwona baba yake akimsalimu yule mtu aliyemshinda barazani, ingawa hana lori.

Basi, wazazi, kijana akikaa mbele ya mchezo wake, kaeni naye kidogo. Mwulizeni: «Huyu umemwacha hai kwa nini?» Akijibu: «Nimemwacha ili mdogo wangu apate kummaliza», msimkemee. Mwulizeni tena: «Na kama angekuwa mtu?» Halafu ngojeni afikiri.

Nanyi vijana, mkimsamehe mtu leo, jiulizeni usiku swali lile la mbuzi watano: ingekuwaje kama hakuwa na lori? Kama jibu linawatia haya, msikate tamaa, wala msiliondoe neno la msamaha mlilolisema. Mtu anaweza kuanza kusamehe kwa faida na kumaliza kwa moyo. Lakini lazima siku moja aende kumwambia mwenzake waziwazi kwamba deni lile halipo tena, lori liwepo au lisiwepo.