Aliyepona Saratani na Mlango wa Jeshi

Je, kijana aliyewahi kuugua saratani akapona ana haki ya kuomba uaskari? Na daktari wa jeshi akimwuliza, analazimika kusema alichougua? Hayo ni maswali mawili, ingawa mara nyingi hujibiwa kana kwamba ni moja.

Kwetu Uganda hili si suala la nadharia tupu. Ni katika hospitali ya Mulago, Kampala, ambako daktari mpasuaji Denis Burkitt aliwachunguza watoto waliovimba mataya, akaieleza saratani yao katika makala ya mwaka 1958. Mwaka 1967 kilianzishwa kituo cha kuitibu, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Saratani hiyo hukua upesi mno, lakini huitikia dawa vizuri. Watoto wengi wanaowahishwa na kumaliza matibabu hupona kabisa. Watoto hao hukua, na baadhi yao hutamani kuwa askari.

Mmoja wao ni mdogo wangu. Aliugua akiwa na miaka 6. Sasa ana 19. Hukimbia kila alfajiri, na nyumbani huzungumza nami Kiswahili makusudi, kwa kuwa nchini mwetu lugha hii imehusishwa na jeshi tangu enzi za ukoloni. Ameniuliza, "Dada, wakiniuliza niseme?"

Wanaolitetea jeshi husema kwamba askari si kama karani. Karani akizidiwa kazini huitiwa gari la wagonjwa. Askari akianguka porini hubebwa na wenzake, labda huku wakishambuliwa. Hata Uingereza, ambako Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 humlinda mwenye saratani asibaguliwe kazini, ulinzi huo haulihusu jeshi. Hoja hii ina uzito. Tena baadhi ya dawa za saratani huweza kudhuru moyo, na madhara yakajitokeza miaka mingi baadaye.

Hata hivyo, naona hoja hiyo inatupa sababu ya kumpima kijana, si sababu ya kumkataa. Moyo hupimika. Mapafu hupimika. Jina la ugonjwa uliokwisha si kipimo cha chochote. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2022, mtu aliyemaliza matibabu ya saratani miaka 5 iliyopita bila ugonjwa kurudi halazimiki kuutaja anapoomba bima ya mkopo wa nyumba. Maana yake ni kwamba upo wakati ambapo ugonjwa huhesabiwa kuwa umepita. Najua benki si jeshi: benki huhatarisha fedha, jeshi huhatarisha watu. Kwa hiyo sidai kwamba kijana anyamaze. Nadai tu kwamba miaka 13 ya afya nayo ihesabiwe.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Jirani mmoja alimwambia mdogo wangu methali hiyo, nami sikuridhika, kwani yeye hana maradhi ya kuficha. Ana kovu. Lakini hata hivyo nilimshauri aseme, kwa sababu nyingine kabisa. Mwenzake atakayelala naye handaki moja hajaulizwa kama yuko tayari kubeba hatari asiyoijua. Haki ya kuomba ni ya mdogo wangu. Hatari ya vitani si yake peke yake. Akidanganya, atakuwa amemwamulia mwenzake.

Ila ukweli unahitaji pande mbili. Tukimtaka kijana aseme kweli, kisha jina lake likafutwa kabla hata ya kuwekewa kipimo kifuani, tutakuwa tunawafundisha watakaomfuata kusema uongo. Wajibu wa kusema unakwenda sambamba na wajibu wa kupima; anayedai wa kwanza na kuukwepa wa pili hana haki ya kulalamika akidanganywa.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, jeshi lina haki ya kukataa moyo dhaifu, uwe wa aliyeugua saratani au wa ambaye hajawahi kulazwa hospitalini. Halina haki ya kumkataa mtu kwa sababu ya utoto wake. Mdogo wangu amekubali kusema. Anachoomba ni kwamba, akishasema, apimwe.