Msiiachie Mashine Amana ya Watu

Wanangu mnaosomea kompyuta, nawasihi jambo moja: msiiamini tarakimu kwa kuwa tu imetoka kwenye mashine.

Tarehe 18 Mei 2003 Ubelgiji ilikuwa na uchaguzi wa bunge. Huko Schaerbeek, Brussels, watu walipiga kura kwa kompyuta. Matokeo yalipotoka, mgombea mmoja alikuwa na kura nyingi kuliko alizoweza kupata. Kadi za sumaku za wapiga kura zilikuwa zimehifadhiwa, zikasomwa upya. Ziada ikajulikana: kura 4096 kamili.

Itazameni vizuri namba hiyo. Kompyuta huhesabu kwa biti, sifuri na moja, na kila biti ina thamani maradufu ya iliyoitangulia: 1, 2, 4, 8, hivyo hivyo. Biti ya 13 ni 4096. Biti moja tu iligeuka. Wataalamu waliichunguza programu wasione kosa, na maelezo yenye uzito yaliyobaki yakawa ni miale ya kosmiki, ingawa haiachi ushahidi.

Miale hiyo Victor Hess aliigundua mwaka 1912 akiwa angani kwa puto. Ni chembe zenye nguvu kubwa zitokazo nje ya dunia. Zikigonga hewa ya juu huzaa chembe nyingine, zikiwemo nyutroni, zinazofika hadi huku chini. Nyutroni ikigonga atomu ndani ya chipu, huzuka chaji ya umeme inayoweza kugeuza biti. Chipu yenyewe haiharibiki, inaendelea na kazi kama kawaida. Lau ingegeuka biti yenye thamani ya 8 badala ya ile ya 4096, nani angeshtuka?

Kinga ipo. Mwaka 1950 Richard Hamming alichapisha njia ya kusahihisha makosa ya namna hii. Leo kumbukumbu za seva nyingi huwekewa biti 8 za ulinzi kwa kila biti 64: biti moja ikigeuka husahihishwa, mbili zikigeuka hutambuliwa. Mkinunua seva ya hospitali au ya benki, msibane fedha hapo. Mkiandika programu, ilazimisheni ikatae jumla isiyowezekana. Tena wekeni rekodi ya pili, isiyotegemea mashine ileile, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Kura ya mtu ni amana, na akiba yake ni amana. Mliokabidhiwa ni ninyi, si kompyuta. Ikagueni.