Santuri Iliyozaliwa Jadotville

Mpenda santuri anayepekua marundo ya sahani kuukuu huanza kwa kusoma karatasi ya duara iliyobandikwa katikati, kwa kuwa hapo ndipo palipoandikwa jina la mwimbaji, chapa ya kampuni na namba ya toleo, na mara nyingine karatasi hiyo humfikisha mahali asipopatarajia. Mfano ulio bora ni “Masanga” ya Mwenda Jean Bosco, mwenyeji wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, mji wa migodi ambao leo ni Likasi. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ndiyo iliyomtangaza kwa chapa yake ya Gallotone. Santuri za wakati huo, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, hazikuwa za vinili, yaani plastiki laini iliyoenea baadaye, bali za sheleki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, nazo zilivunjika kama chungu. Kila upande ulibeba dakika tatu hivi tu, na pengine ufinyu huo ulimfaa Bosco, mpiga gitaa aliyeshika besi kwa kidole gumba huku kidole cha shahada kikifuma sauti ya juu. Anayeisikiliza “Masanga” mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili, na ndiyo maana huirudisha sindano mwanzo.