Nani Aliyemaliza Furu?

Ukiuliza kando ya Ziwa Victoria furu walikwenda wapi, jibu ni fupi: sangara aliwala. Lina ukweli. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alipofurika katika miaka ya 1980, furu, samaki wadogo wa aina zipatazo 500, walianza kutoweka aina baada ya aina. Lakini kutangulia si kusababisha.

Ugumu ni kwamba ziwa ni moja. Hakuna Victoria ya pili, isiyo na sangara, ya kulinganisha nayo. Anayeuliza sababu anauliza juu ya jambo ambalo halikutokea: sangara asingeletwa, furu wangekuwepo? Dunia hiyo hakuna aliyeiona. Hujengwa kwa hoja tu.

Wengine waliitafuta jirani. Ziwa Nabugabo, Uganda, lilipandikizwa sangara katika miaka ya 1960, likapoteza wengi wa furu wake. Vijiziwa vya Kayanja na Kayugi, vilivyotengwa nalo na kinamasi, vikabaki nao. Sangara anaonekana kutiwa hatiani. Ila tope la chini ya Victoria lilisema jingine. Dirk Verschuren na wenzake, waliolisoma tabaka kwa tabaka, walionyesha mwaka 2002 kwamba mwani unaochafua maji ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, mashamba yalipotanuka, kabla sangara hajafika. Na mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza namna maji machafu yanavyoweza kumaliza samaki: furu jike humchagua dume kwa rangi, maji yakififisha rangi, aina huchanganyika na mipaka kati yao hufutika. Hapo hakuna aliyeliwa.

Ushahidi huu wa mwisho naupa uzito wa pekee. Ulinganisho huonyesha mambo mawili yakiandamana; huu unaonyesha njia ambayo kwayo moja hulifikia jingine. Hata hivyo, njia inayopitika si lazima iwe ndiyo iliyopitwa, kwa hiyo tope, vijiziwa na macho ya furu vyote vinahitajiana.

Tena matokeo nayo hugeuka sababu. Sangara ana mafuta mengi, hakaushiki juani kama dagaa; hubanikwa kwa kuni. Miti ikikatwa, mvua husomba udongo hadi ziwani, na maji huzidi kuchafuka.

Kwa hiyo "nani mwenye hatia" ni swali dogo mno. Linalofaa ni hili: tukibadili kipi, nini kitabadilika? Uvuvi ulipompunguza sangara, baadhi ya furu walirudi katika Ghuba ya Mwanza, lakini ni wa aina chache, na nyingi hazijaonekana tena. Sangara, basi, alikuwa sababu kweli, na kumpunguza hakukutosha. Kilichobaki kimo katika udongo na virutubisho vinavyoshuka na Mto Kagera, na katika moshi na vumbi vinavyotua majini kutoka hewani. Afisa uvuvi wa Mwanza anaweza kupima matundu ya nyavu; mashamba ya Rwanda na Burundi, ambako maji ya Kagera huanzia, hayako chini yake.