Namba Iliyoitwa Tasa

Hebu itazame namba hii: 147,573,952,589,676,412,927. Zidisha mbili kwa mbili, tena na tena, mpaka ziwe mbili 67, halafu toa moja. Ndiyo hiyo.

Shuleni tulifundishwa kwamba namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe huitwa namba tasa. Neno zito hilo. Mtaani halisemwi kuhusu namba. Husemwa kuhusu mwanamke, tena kwa sauti ya chini, akishapita.

Mwaka 1644, mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alitoa orodha ya namba za namna hii alizosema ni tasa. Yetu ilikuwamo. Hesabu hakuonyesha. Lakini alikuwa mtu mwenye jina, aliyeandikiana barua na wasomi wa Ulaya, basi neno lake likakaa.

Likakaa miaka 232. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba namba hii si tasa. Ajabu ni kwamba hakutaja hata kigawo kimoja. Njia yake ilimwambia tu kuwa watoto wapo. Ni akina nani, haikusema.

Mwaka 1903, mjini New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake. Inasimuliwa kwamba hakufungua mdomo. Aliandika ubaoni 193,707,721, akaizidisha kwa 761,838,257,287, na jibu likawa namba ile ile. Akarudi kuketi, ukumbi ukajaa makofi. Inasemekana kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Sasa swali langu: nani alipaswa kufanya kazi hiyo? Mersenne alitumia mstari mmoja. Aliyekuja kuufuta alitumia miaka. Mbona mzigo wa kuthibitisha ulimwangukia asiyetamka?

Na tusimsahau Lucas. Uthibitisho wake ulikuwa kamili, ila makofi tunayoyasimulia ni ya Cole, aliyewaleta watoto ubaoni. Sisi ndivyo tulivyo. Daktari atasema mama huyu hana kasoro yoyote. Mtaa utauliza, basi mtoto yuko wapi? Hatutaki ushahidi, tunataka kuona. Lakini ile siku ya kumwita tasa, nani alitaka kuona chochote?

Utaniambia namba haiumii. Kweli kabisa. Ilikaa miaka 232 ikiitwa isivyo na haikupungua hata tarakimu moja. Vigawo vyake vilikuwamo ndani muda wote. Mtu hawezi hivyo. Mtu akiitwa jina miaka mitano tu, anaanza kukwepa arusi, anaanza kukaa nyuma, mwisho anaamini mwenyewe.

Leo kompyuta inavipata vigawo vile kwa kufumba na kufumbua. Kwa binadamu hatuna kompyuta ya namna hiyo. Tuna ulimi tu, na kabla haujatamka, ungeulizwa kwanza: hesabu yako iko wapi?