Mchezaji Hodari na Kiti cha Uongozi

Kuna swali ambalo watu wengi hulijibu kabla ya kulifikiri. Mtu aliyeifanya kazi fulani kwa ustadi kuliko wenzake wote, je, yeye ndiye anayestahili kuwaongoza wale watakaoifanya baada yake? Jibu la haraka ni ndiyo. Twaona ni haki, tena twaona ni busara, kwamba aliyeshinda jana apewe usukani wa leo. Nataka tulipime jibu hilo kwa mfano wa mchezo wa kandanda, kwa sababu katika mchezo huo matokeo hayafichiki. Kila juma timu hushinda, hushindwa au hutoka sare, na mwisho wa msimu hesabu huandikwa mbele ya macho ya watu wote.

Umri wa mchezaji ni mfupi. Afikapo miaka 35, umri ambao mwalimu ndiyo kwanza anaanza kuizoea kazi yake, miguu ya mchezaji imekwisha kuchoka. Mbele yake imebaki nusu ya maisha, na nyuma yake kuna sifa nyingi. Hapo ndipo klabu humwita na kumpa umeneja. Lakini tazama kazi ya meneja ilivyo. Huchagua wachezaji 11 na kuwaacha wengine, hununua na kuuza, husuluhisha ugomvi, hujibu maswali ya wakurugenzi wenye fedha, na saa ya mchezo ifikapo, hukaa kando. Mpira ukipita karibu naye hana ruhusa ya kuupiga. Kazi hizi mbili zina uwanja mmoja, lakini ni kazi mbili.

Huko kaskazini ya Uingereza kuna mji wa Ashington, uliokuwa mji wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Katika nyumba ya mchimbaji mmoja walizaliwa ndugu wawili, Jack Charlton mwaka 1935 na Bobby Charlton mwaka 1937. Wote wawili walikuwamo katika timu ya Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966. Walakini vipawa vyao havikulingana hata kidogo. Bobby alikuwa kana kwamba amezaliwa na mpira mguuni. Aliingia Manchester United akiwa kijana, akanusurika katika ajali ya ndege ya Munich mwaka 1958 iliyowaua wenzake wengi, na miaka 10 baadaye alifunga mabao mawili katika fainali iliyoipa klabu yake Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Taifa lake alilifungia mabao 49. Jack alikuwa beki mrefu, mwenye shingo ndefu na maneno makali, asiyesifiwa na mtu kwa uzuri wa mchezo. Aliitwa katika timu ya taifa mara ya kwanza mwaka 1965, akikaribia miaka 30. Lakini Jack alikuwa na tabia moja ambayo wengi hawakuiona: angali mchezaji, alikwenda katika mafunzo ya ukocha, akakaa chini kama mwanafunzi, akauliza kwa nini jambo hili hufanywa hivi na lile vile.

Mwaka 1973 ndugu hawa waliacha kucheza katika klabu zao, na mwaka huo huo kila mmoja akawa meneja. Bobby alipewa Preston North End, Jack akapewa Middlesbrough. Klabu zote mbili zilikuwa katika daraja la pili. Ni nadra sana maisha kutupa jaribio lililo sawa namna hii. Msimu ulipokwisha mwaka 1974, Middlesbrough ilikuwa juu ya wote, imemwacha wa pili wake kwa pointi 15, wakati ambapo ushindi ulihesabiwa pointi mbili tu. Ikapanda daraja la kwanza. Preston iliteremka daraja la tatu. Baadaye Jack aliiongoza timu ya taifa ya Ireland hadi robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1990, na watu wa Ireland, ambao si watu wake, walimpenda kama mwana wao.

Si haki kusema kwamba Bobby alishindwa kwa sababu alikuwa hodari. Klabu huanguka kwa sababu nyingi, na fedha ni mojawapo. Hata hivyo iko hoja hapa isiyopuuzika. Aliyepewa jambo kwa wepesi hana njia ya kulieleza. Katika vyuo vya ualimu jambo hili huonekana kila mwaka: kijana aliyeongoza darasa lake katika hesabu husimama mbele ya watoto, huandika jawabu ubaoni, kisha hushangaa kwamba hawakuelewa. Kwake jawabu lilikuwa la kuona, halikuwa la kutafuta. Mwenzake aliyehangaika na hesabu hizo usiku kucha anaijua kila ngazi aliyopanda, na tena anakijua kila kisiki alichojikwaa. Huyo wa pili anaweza kumshika mtoto mkono.

Msomaji mwenye kumbukumbu ataniuliza juu ya Mario Zagallo wa Brazili na Franz Beckenbauer wa Ujerumani. Zagallo alishinda Kombe la Dunia akiwa mchezaji mwaka 1958 na 1962, akalishinda tena akiwa mwalimu wa timu mwaka 1970. Beckenbauer alilipokea akiwa nahodha mwaka 1974, na akiwa kiongozi wa timu mwaka 1990. Je, hawa hawakuwa wachezaji hodari? Walikuwa hodari, na hoja hiyo naikubali yote. Lakini Zagallo alikuwa ameiongoza klabu ya Botafogo kabla ya kukabidhiwa taifa, na Beckenbauer alishindwa katika fainali ya mwaka 1986 kabla ya kushinda ile ya 1990. Sisemi kwamba ubingwa ni kizuizi. Nasema kwamba ubingwa si shahada. Bingwa anayekubali kuwa mwanagenzi mara ya pili katika maisha yake anaweza kuongoza. Na kukubali huko ni kugumu zaidi kwake kuliko kwa mtu wa kawaida, kwa kuwa amezoea kushangiliwa.

Sasa nafika penye uzito. Wakurugenzi wampapo mchezaji wa zamani kiti cha umeneja, mara nyingi nia yao ni njema: wanataka kulipa deni la shukrani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walisema hutunzwa, hawakusema hutawazwa. Tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo. Zawadi hutoka mfukoni mwa mwenye kushukuru, lakini uongozi hutoka katika maisha ya watakaoongozwa. Kijana wa miaka 18 anayeingia klabu hiyo akitumaini kufunzwa hakuwa na deni lolote kwa bingwa yule. Akipewa kiongozi asiyejua kuongoza, ni yeye anayelipa, tena kwa miaka michache aliyo nayo ya kucheza, ambayo hairudi. Kulipa deni lako kwa mali ya mtu mwingine kuna jina lake, hata kama makofi ni mengi. Nanyi wanafunzi mnaojua jinsi kiranja mkuu anavyopatikana katika shule nyingi, kwa kuwa ndiye aliyeishinda shule jirani katika mbio, hamhitaji kwenda Uingereza kulielewa hili.

Yuko mtu mwingine ambaye maisha yake hunivuta kuliko ya mabingwa wote niliowataja. Bob Paisley alizaliwa mwaka 1919 katika kijiji cha makaa ya mawe, akajifunza uashi, akajiunga na Liverpool mwaka 1939, vita vikamchukua. Aliporudi alicheza vema, bila makuu. Mwaka 1950 alifunga bao katika nusu fainali ya Kombe la Chama cha Mpira cha Uingereza, naye akatarajia kucheza fainali kule Wembley. Majina yaliposomwa, lake halikuwamo. Liverpool ikashindwa na Arsenal, naye akitazama.

Alipoacha kucheza mwaka 1954 hakupewa kiti. Alifundisha timu ya akiba, akajifunza kutibu maumivu ya wachezaji, akasaidia wengine kuongoza. Miaka 20 ilipita hivyo. Mwaka 1974 meneja Bill Shankly alipojiuzulu, klabu ilimtaka Paisley, naye akapokea kwa kusitasita. (Kusitasita peke yake si dalili ya kustahili, wako wanaositasita kwa kuwa hawawezi.) Msimu wa kwanza hakushinda ubingwa wa ligi. Katika misimu 9 aliyoongoza alitwaa ubingwa wa ligi mara 6 na Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara 3.

Lakini makombe siyo yanayonivuta. Kila juma mtu huyu alilazimika kuwatendea wengine lile alilotendewa mwaka 1950: kumwambia mchezaji mwema, aliyejitahidi, kwamba leo hatacheza. Na safari hii maumivu hayo yalitoka kinywani mwake, wala hakuweza kuyakwepa, kwa maana wachezaji ni wengi na nafasi ni 11. Mchezaji huweza kupendwa na wenzake wote. Meneja hawezi, akitaka kuwa mwadilifu. Nadhani hili ndilo daraja ambalo mabingwa wengi hushindwa kulivuka: hawakosi maarifa, bali hawawezi kuvumilia kuchukiwa na watu wanaowapenda.

Nimwache Bobby Charlton katika heshima yake. Mwezi wa Agosti 1975 wakurugenzi wa Preston walimuuza mchezaji ambaye yeye alitaka abaki. Bobby akajiuzulu. Angeweza kubaki, ale mshahara na kutazamwa kama sanamu. Alikataa kubeba jina la kiongozi wakati uamuzi ni wa watu wengine. Kwangu mimi jambo hilo lina uzito kuliko mabao mengi. Mwaka 1984 alirudi Manchester United akiwa mkurugenzi. Miaka miwili baadaye klabu hiyo ilimwajiri Alex Ferguson, Mskoti ambaye hakuwahi kutajwa miongoni mwa wachezaji bora wa dunia. Zaidi ya miaka mitatu ikapita bila kombe, watu wakataka afukuzwe, na Bobby akawa miongoni mwa waliosimama upande wake. Siku za mchezo alikaa jukwaani pamoja na wakurugenzi wenzake, akatazama, na kazi ya kuwachagua wale 11 ilikuwa ya Ferguson.