Siku Supanodi za Skype Zilipozima

Skype ya zamani haikutegemea seva za kampuni kukutafutia mwenzako aliko mtandaoni. Kazi hiyo waliifanya watumiaji wenyewe bila kujua. Programu ikiona kompyuta yako ina nguvu na intaneti yako haikatiki, iliigeuza supanodi, ikawa inawaelekeza wengine mahali pa kumpata wanayemtaka. Ni ubunifu uliopunguza gharama mno, nami nauheshimu hadi leo.

Tarehe 22 Desemba 2010, seva zilizokuwa zikitunza ujumbe wa watu wasio hewani zilielemewa, majibu yakachelewa. Kuchelewa tu. Lakini toleo la 5.0.0.152 la Windows halikujua la kufanya na jibu lililochelewa, likazima ghafla. Takriban nusu ya watumiaji duniani walikuwa na toleo hilo, na kati yao kama asilimia 40 walizimikiwa. Asilimia 25 hadi 30 ya supanodi zikaenda nao.

Kila aliyezimikiwa alifanya ambalo yeyote angefanya: aliiwasha tena. Supanodi zilizosalia zikavamiwa na maombi yapatayo mara 100 ya kawaida. Nazo zilikuwa zimewekewa kinga: mzigo ukizidi kiwango, supanodi ijiondoe, isimlemee mwenye kompyuta. Basi zikajiondoa moja baada ya nyingine, na kila iliyoondoka iliziachia nyingine mzigo wake.

Kinga hiyo ukiitazama katika mashine moja, huoni pa kuikosoa. Ndiyo maana nawasihi vijana wanaoandika programu za aina hii: kanuni yoyote mnayoiweka, jiulizeni itakuwaje kompyuta milioni zikiitii kwa dakika ileile. Programu iliyokatika isikimbilie kurudi papo hapo. Isubiri muda wa kubahatisha, tofauti na wa jirani yake, na ikikataliwa tena, muda huo uongezwe maradufu. Jibu lililochelewa litupwe kimya. Si sababu ya programu kuanguka.

Wahandisi waliuinua mtandao kwa kuwasha maelfu ya supanodi kubwa kwenye seva za kampuni, nyingine wakizichukua kutoka huduma ya simu za video za kikundi. Ilichukua kama saa 24. Toleo la 5.0.0.156, lisilo na dosari ile, lilikuwa limeshatoka. Wengi walikuwa hawajaliweka.